Kocha Prutzman Aenda Kuposa

Tangazo, tangazo! Kwa heshima na taadhima zote zinazostahili, na ijulikane kwa watu wote wa mji wa Pell Creek, jimbo la Indiana, wenye magari na waendao kwa miguu, waliookoka na wale ambao bado wanajadiliana na Mungu, kwamba leo, Jumapili ya Pasaka, saa saba na nusu mchana, Kocha Wendell Prutzman, simba wa mpira wa kikapu wa vyuo, mshindi wa mechi mia moja tisini na nne, mwanamume ambaye hajapata kumwogopa mwamuzi wala mwandishi wa gazeti, amefika nyumbani kwa akina Vandeveer kumposa binti yao Lorna.

Amefika. Ila hajashuka garini.

Alikuwa amekaa humo dakika ishirini nzima, pai ya tufaha mapajani, akiuhutubia usukani.

"Lorna," aliuambia, "mimi si mtu wa maneno mengi."

Hata usukani ulijua huo ni uongo. Akaanza upya.

"Lorna, tangu siku ile nilipokuona kwenye piano..."

Dirisha likagongwa. Alikuwa Teddy, mdogo wake Lorna, mchezeshaji wa timu ya Wendell, kijana wa mwaka wa pili chuoni, mrefu kama ngazi ya fundi umeme. Aliinama mpaka kidevu chake kikakaribia kioo.

"Kocha! Mama anauliza, unashuka au tukuletee sahani humo humo?"

"Nashuka, nashuka. Nilikuwa nafikiria mambo ya timu."

"Msimu umeisha, Kocha."

"Ndiyo wakati mzuri wa kufikiri."

Teddy akacheka, akamfungulia mlango na kumpokea pai kwa mikono miwili kama anayepokea kombe. "Basi karibu, Kocha. Au niseme shemeji?"

Wendell alijaribu kutabasamu, lakini tabasamu likamkwama njiani. Kwa nini limkwame mtu anayependwa hivi na shemeji mtarajiwa? Kwa sababu siku tatu nyuma, Alhamisi, alikuwa ametia saini mkataba wa kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Tolliver, majimbo mawili kutoka hapo, chuo chenye ukumbi wa watu elfu kumi na nne. Kesho saa nne asubuhi jambo hilo lingetangazwa. Katika nyumba hii hakuna aliyejua. Lorna hakujua, na huyu kijana aliyekuwa akitangulia mbele yake akiinusa pai ndiye aliyestahili kujua kabla ya wote.

Ili aibu ya Wendell ieleweke kwa kipimo chake kamili, lazima isemwe alivyoingia nyumba hii mara ya kwanza.

Kazi ya kocha wa chuo haifanyiki uwanjani, ingawa makocha wanapenda tudhani hivyo. Hufanyika sebuleni kwa watu. Kocha husafiri, hubisha hodi kwa mama mwenye kijana mrefu, huketi kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, hula kila anachowekewa, huomba aongezewe, husifia picha ya marehemu ukutani, halafu humtazama mama machoni na kusema sentensi yake. Kila kocha ana yake. Ya Wendell ilikuwa hii: "Mama, siku zote mwanao atakazokuwa pale, na mimi nitakuwa pale."

Aliisema katika sebule hii miaka miwili iliyopita. Mama Bernice Vandeveer alifuta macho kwa aproni. Teddy alikataa vyuo vitatu vikubwa akatia saini papo hapo, kabla hata pai haijaisha, maana hiyo nayo ni kanuni ya kazi: kalamu iwe mkononi mwa kijana wakati pai bado iko mdomoni. Na pale kwenye piano, mwanamke wa miaka thelathini na minane aliyekuwa akipanga nyimbo za kanisani aligeuza kichwa na kumtazama mgeni. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Wendell akasahau jina la chuo chake mwenyewe.

Mapenzi yalianza hivyo, lakini Mama Bernice aliyawekea ukuta.

"Kocha ni mpangaji," alimwambia bintiye. "Leo yuko hapa, kesho yuko kwingine. Huyu wako amefundisha miaka kumi na saba katika miji saba. Masanduku yake hajayafungua. Nimeambiwa na mwanamke anayemfagilia nyumba."

Watu wa Pell Creek wana kipimo chao cha kocha, nacho hakihusiani na mechi alizoshinda. Wanatazama nyasi zake. Kocha anayewaajiri wanafunzi wamkatie nyasi ni mpita njia. Kocha anayenunua mashine yake mwenyewe ya kukatia nyasi amekuja kukaa, na hata akifungwa mechi kumi mfululizo atapewa pole dukani. Septemba iliyopita Wendell alinunua mashine, nyekundu, ya kusukuma, na kila Jumamosi aliisukuma mbele ya nyumba yake kwa unyenyekevu wa mtu anayeandamana na sanamu ya mtakatifu. Mama Bernice alipita hapo kwa gari, taratibu. Akageuza, akapita tena. Kuanzia jioni hiyo Lorna aliruhusiwa kutoka na kocha bila kuulizwa atarudi saa ngapi, na akiwa na umri huo alishukuru kama msichana wa bweni aliyepewa ruhusa ya kwenda mjini.

Basi mpango wa Wendell wa leo ulikuwa huu, na asionewe huruma yoyote: kwanza pete, Lorna aseme ndiyo, mama abariki, Teddy apige makofi. Halafu, wote wakiwa na furaha, awaambie habari za Tolliver. Kalamu kwanza, maswali baadaye.

Mezani palikuwa na paja la nguruwe lililopakwa asali, viazi vya kuponda, maharage mabichi na mayai ya kujaza. Lorna alikuwa amevaa gauni la rangi ya samawati alilolivaa pia asubuhi kanisani, na nywele zake alizifunga juu kwa haraka, zikaacha unywele mmoja ukining'inia shingoni. Wendell aliutazama unywele ule mpaka akatia chumvi kwenye chai.

"Kocha, hiyo ni chai," Lorna alisema kwa sauti ya chini.

"Najua. Ndivyo tunavyokunywa kwetu."

"Kwenu ni Terre Haute. Nina shangazi Terre Haute."

Akacheka, na chini ya meza kiatu chake kikagusa cha Wendell kikabaki hapo hapo. Wendell alijisikia kama mwizi aliyekaribishwa na mwenye nyumba, akapewa na kiti.

"Kocha," alisema Teddy, mdomo umejaa, "mwakani nitafundisha wale wapya mfumo wetu mimi mwenyewe. Nimeshauchora kwenye daftari. Wewe utakaa tu kwenye benchi unywe chai yako ya chumvi."

"Vizuri, kijana."

"Na nikimaliza mwaka wa nne tutakuwa tumefika mashindano ya taifa. Andika hapo."

"Kula mboga zako," alisema Wendell.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa bila hodi, akaingia Mjomba Virgil, kaka yake Mama Bernice, mtu mwenye sauti ya kuita mifugo.

"Samahani kwa kuchelewa! Nilikuwa nashusha mali. Bernice, hutaamini nilichopata!"

"Vua kofia kwanza," alisema Mama Bernice.

"Mashine ya kukata nyasi! Haina hata mwaka. Nimeuziwa jana na yule Gus, msaidizi wako, Kocha. Nikamuuliza, ya nani? Ananiambia, ya rafiki yangu mmoja tu. Nikamwambia rafiki yako ni mjinga, naye aendelee hivyo hivyo."

Wendell aliweka uma chini polepole. Alikuwa amemwagiza Gus aiuze nje ya mji. Gus alikuwa na moyo wa dhahabu na ubongo wa mpira uliotoka pancha.

"Rangi gani, Mjomba?" Teddy aliuliza.

"Nyekundu. Na kishikio chake kimezungushiwa bandeji nyeupe, ile ya kufungia wachezaji vifundo vya miguu. Kimefungwa vizuri, kama mkono wa mgonjwa."

Kiatu cha Lorna kikaondoka chini ya meza.

Bandeji ile aliifunga yeye, Oktoba, siku Wendell alipotoka malengelenge viganjani. Alikifunga kile kishikio akiwa amepiga magoti kwenye nyasi, kisha akakibusu kiganja kimoja cha Wendell, halafu cha pili, majirani wakichungulia.

Mama Bernice akajipangusa midomo.

"Virgil," alisema, "huu ni mwezi wa nne. Nyasi ndiyo kwanza zinaota. Nani anauza mashine ya nyasi mwezi wa nne?"

"Mtu asiye na nyasi!" alisema Mjomba Virgil kwa furaha, kisha akawatazama nyuso zao mmoja mmoja. "Nimesema nini?"

Macho yote yakamhamia Wendell. Hapo ndipo angeweza kujiokoa, japo kwa kiasi. Angeweza kusema kweli mbele ya viazi na Mungu. Badala yake ulimi wake, uliozoea kuokoa mechi dakika ya mwisho, ukachomoka wenyewe.

"Nataka kununua kubwa zaidi," alisema. "Ya kukaliwa. Ile ndogo haitoshi."

"Mnaona?" Teddy alipiga meza. "Mnaona! Mama, wewe na maneno yako. Mtu anapanua! Anaweka mizizi!" Akamgeukia Wendell uso unang'aa. "Mimi niliwaambia, Kocha. Niliwaambia wewe si kama wale wengine."

Soni ilimpanda Wendell kutoka kwenye soksi. Ikafika masikioni, ikakaa huko ikiwaka. Amewahi kuzomewa na watu elfu sita kwa pamoja, akarushiwa chupa, akaandikwa gazetini kuwa ni pumba tupu; yote hayo yakijumlishwa hayakufikia uso wa yule kijana ukimwamini.

Lorna alisimama. "Njoo nje," alisema.

Barazani palikuwa na bembea ya mbao, lakini hakuna aliyekaa. Lorna alishika nguzo.

"Wapi?" aliuliza.

"Lorna, hebu tu..."

"Wapi, Wendell?"

"Tolliver."

"Lini?"

"Inatangazwa kesho. Nilisaini Alhamisi."

"Alhamisi." Alilirudia neno kana kwamba analipima uzito. "Alhamisi tulikwenda kula samaki. Ulinishika mkono. Ukaniuliza kama ninapenda milima."

"Kule kuna milima."

"Nilidhani unanitongoza, kumbe unanipeleleza."

"Nilikuwa nakutongoza pia."

Lorna hakucheka. Wendell aliingiza mkono mfukoni, akatoa kisanduku kidogo cha bluu. Alikitazama kama asiyejua kimefikaje pale. Lorna akakiona, na kwa muda mfupi mno uso wake ukalegea, ukawa uso wa mwanamke aliyengoja kitu hicho miaka miwili na kujionya kila usiku asikingoje. Kisha ukakaza tena, na hilo la pili lilimuuma Wendell zaidi.

"Kwa hiyo leo ulikuja kufanya nini hasa?"

"Kukuposa."

"Halafu?"

"Ukishakubali ningekuambia."

"Ningekuwa nimeshasema ndiyo."

"Ndiyo."

"Mbele ya mama yangu."

"Ndiyo."

"Kama Teddy. Pai iko mdomoni, kalamu iko mkononi."

Wendell alimkaribia hatua moja. Harufu ya sabuni na karafuu ilimtoka Lorna shingoni, na moyo wake ukamwambia aseme jambo, lolote, la kweli, la ndani kabisa. Akafungua kinywa, na alichokisema, kwa sauti nzito yenye kutetemeka panapostahili, kilikuwa hiki:

"Lorna, siku zote utakazokuwa pale, na mimi nitakuwa pale."

Alilisikia mwenyewe neno hilo likitoka. Alitamani kulikamata hewani na kulimeza.

Lorna alimtazama bila hasira, na hapo ndipo Wendell alipoogopa kweli.

"Nilikuwa kwenye piano," alisema. "Nililisikia likiwa jipya. Au nilidhani ni jipya. Mama aliliandika kwenye Biblia yake, Wendell, na tarehe. Umewaambia akina mama wangapi?"

"Sikumbuki."

"Jaribu."

"Arobaini. Labda hamsini."

"Na wewe uliondoka ukawaacha wana wao wangapi?"

Wendell aliangalia viatu vyake. "Sikiliza," alisema. "Baba yangu alikuwa akifagia ukumbi wa mpira shuleni kwetu. Nilianza kuingia naye nikiwa na miaka tisa, nashika koleo la takataka. Nimefua jezi za watu. Nimeendesha basi la timu kwenye theluji, nimelala kwenye benchi za vyumba vya kubadilishia nguo. Miaka kumi na saba nangoja mtu aniite mahali kama Tolliver. Sikuweza kukataa."

"Sikukuambia ukatae. Ungeniuliza. Labda ningefungasha piano." Akaiachia nguzo. "Ungejua ningefungasha. Lakini hukuuliza. Uliogopa nikiwa na muda wa kufikiri nitaanza kumfikiria Teddy."

Hilo lilikuwa kweli.

"Teddy," alisema polepole. "Lorna, nakuomba kitu kimoja. Wewe umemlea... mwambie wewe. Taratibu. Wewe anakusikiliza."

"Aliyemwambia aje ni nani?"

"Mimi."

"Basi." Akamfungulia mlango. "Karibu mezani, Kocha."

Walikuwa bado wamekaa vile vile, kama watu wanaopigwa picha. Pai ilikuwa imekatwa, hakuna aliyeila. Mjomba Virgil alikuwa ameishika kofia yake mapajani, amejikunyata, mtu mkubwa aliyetamani awe mdogo.

Wendell alisimama nyuma ya kiti chake. Aliweka mikono mgongoni, akainua kidevu, akavuta pumzi kama afanyavyo mapumzikoni timu yake ikiwa nyuma kwa pointi ishirini.

"Katika maisha ya mwanamichezo," alianza, "kuna nyakati ambazo..."

"Kocha," alisema Teddy. Hakucheka safari hii. "Sema tu."

Mikono ikashuka.

"Naondoka. Nakwenda Tolliver. Itatangazwa kesho."

Teddy aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, haraka haraka, kama anavyofanya akipewa maelekezo ya mchezo. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo isiyolingana na urefu wake, "Ni ile mipira niliyopoteza? Kwenye mechi ya mwisho?"

"Hapana! Hapana, kijana wangu. Hapana kabisa."

"Ilikuwa sita. Nilihesabu."

"Teddy, hukukosea kitu. Wewe ndiye mchezaji bora niliyepata kumfundisha."

"Basi walikuja kukuchukua," alisema Teddy, akimtafutia mwalimu wake mlango wa kutokea. "Chuo kikubwa kile. Wakakubembeleza. Huwezi kuwakatalia watu kama wale."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Wendell angetikisa kichwa tu angepita, na kijana angemsamehe kabla ya kumaliza sahani. Aliutazama. Kisha akamwona Lorna, amesimama kando ya jiko, mikono imekunjwa, anangoja aone atapita au hatapita.

"Hawakuja," alisema Wendell. "Niliwapigia simu mimi. Mwezi wa pili. Usiku ule ule tuliposhinda kule Marlow ukanibeba mabegani."

Kiti cha Teddy kilisogea nyuma. Aliinuka, akachukua sahani yake, akaipeleka kwenye sinki, akafungulia maji, akawa anaiosha sahani ambayo haikuwa imemalizwa, viazi vikienda na maji. Mgongo wake ulikuwa mpana kama mlango. Mama Bernice akakohoa.

"Na hao wa Tolliver," aliuliza, kwa utulivu wa mwanamke anayechagua nyanya, "umewaambia utakaa nao kwa muda gani?"

Wendell alitazama viazi, pai, kitambaa cha meza.

"Mpaka nizeeke, mama."

Mjomba Virgil alitoa sauti iliyotaka kuwa kicheko, ikazimwa na dada yake kwa jicho.

"Na ulipowaambia," alisema Lorna, "uliamini?"

"Niliamini." Uso ulikuwa umemwiva kama nyama ya mezani. "Hilo ndilo baya lenyewe, Lorna. Kila ninaposema naamini. Hapa niliamini. Kwa wale hamsini wote niliamini, na barazani sasa hivi niliamini. Halafu simu iko pale ukutani, na mimi ndiye ninayeinyanyua."

Maji yakafungwa. Teddy alibaki na sahani mkononi, ameipa meza mgongo, lakini kichwa chake kilikuwa kimegeuka kidogo, sikio likielekea kwao.

Lorna alikuja mpaka karibu, karibu kiasi cha kuliona jasho juu ya mdomo wa Wendell. Kisanduku cha bluu kilikuwa bado kiganjani mwa Wendell, kimeloa.

"Nisikilize," alisema. "Sitaki ya akina mama. Sitaki ya mapumzikoni. Mimi, leo, mbele ya hawa, ungeniahidi nini ambacho si uongo?"

Simba wa mpira wa kikapu, mshindi wa mechi mia moja tisini na nne, alitafuta. Alitafuta katika hotuba zote alizokuwa nazo, na alikuwa nazo za kutosha kujaza gari. Hakuna hata moja iliyokuja.

"Sijui kukaa mahali, Lorna," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. "Nina miaka arobaini na mitatu, na sijawahi kujaribu hata siku moja; sina cha kukuahidi zaidi ya ukweli huu. Ile mashine niliinunua ili mama yako aione."